Posa ya Mpangaji

Turffontein, Johannesburg
9 Februari 2025

Shangazi yangu Fauzia,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mguu umepoa na umeacha kumfokea daktari. Mimi mzima, nimenenepa kidogo mahali unapopajua. Usishangae kuona naandika kwa mkono kama mtoto wa shule. Humu ndani simu zimepigwa marufuku tena, maana Mpangaji anaamini kila simu ina mtu ndani yake anayesikiliza. Yangu Kanali Firmin ameifungia kwenye kopo la biskuti. Kwa hiyo barua atazileta Karimu kila anapokuja Tanga na mzigo wake wa viatu, na majibu mpe yeye. Akichelewa mtukane yeye, usinitukane mimi.

Nitaendelea kumwita Mpangaji, jina ulilompachika mwenyewe siku uliposikia kwamba aliyekuwa Rais wa Luhembe kwa miaka ishirini na sita sasa anakaa nyumba ya kupanga. Hajambo. Presha inapanda akisoma habari za kwao na inashuka akila wali wangu. Bado hajazoea. Siku za kwanza tukiwa garini alikuwa akiuliza kwa nini tunasimama kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani. Kwao barabara ilikuwa ikifungwa ili apite, taa hakuwahi kuzitazama. Sasa amejifunza, na ikiwa nyekundu yeye ndiye anayemkemea Kanali asimame.

Nyumba iko karibu na uwanja wa mbio za farasi. Siku za mbio, watu wakipiga kelele, Mpangaji huvaa koti, hutoka barazani na kupunga mkono. Mara ya kwanza nilidhani anatania. Kanali Firmin husimama nyuma yake, mikono mgongoni, uso mkavu, soksi zimetoboka, hana wa kumshonea. Huyo ndiye jeshi zima lililobaki, na kila Ijumaa ndiye anayekwenda sokoni kununua vitunguu. Mama Mkubwa, yule mke wa ndoa, yuko Ulaya na wanawe na wala hapigi hodi. Nimebaki mimi, niliyekaa miaka yote ile kwenye nyumba ya nyuma ya Ikulu, nikiingia kwa mlango wa jikoni. Hapa angalau mlango ni mmoja.

Sasa habari yangu mwenyewe. Nimefungua meza, Shangazi. Malvern, barabara ya Jules, kibarazani pa duka la Karimu. Nauza vitumbua, bajia na chai ya tangawizi, na Watanzania wa kule wamenizoea mpaka wananidai vitumbua vya bure. Mpangaji anadhani nakwenda darsa. Jirani yangu wa meza ni Ariane, anauza dagaa na majani ya muhogo, mcheshi, ana sauti ya kumwita mteja aliye mtaa wa tatu. Naye ni mtu wa Luhembe. Hajui nakaa na nani. Nimemwambia napikia mzee mmoja mgonjwa, na huo si uongo sana.

Nisalimie Kaka Jumbe na wote nyumbani. Niandikie.

Mwanao,
Zabibu

*

Tanga
16 Machi 2025

Mwanangu Zabibu,

Waaleikumu salaam. Barua imenifikia tukiwa katikati ya mfungo, na Karimu ameifikisha ikiwa inanukia viatu vipya. Mguu umepoa, daktari bado namfokea, maana yule bila kufokewa hafanyi kazi. Kaka yako Jumbe hajambo. Mwembe wa jirani umeanguka juu ya choo chetu, tumeshajenga kingine. Mtoto wa Mwanaidi ameota meno.

Nilicheka ile habari ya kupunga mkono mpaka nikapaliwa na maji ya futari. Kisha usiku wa kuamkia leo nilikaa nikafikiri, na kicheko kikaniishia. Kabla ya mfungo nilikuwa kwenye arusi kule Ngamiani, mama mmoja akaniuliza mbele za watu, yule binti wa kaka yako aliyekwenda nje ni mke wa nani sasa? Nikajibu, anafanya kazi Afrika Kusini. Maneno hayo nimeyasema mpaka yamechakaa, Zabibu. Inaniuma. Si aibu ya watu inayoniuma, maana watu wa mji huu nawajua na siri zao ninazo. Naumia kwa ajili yako.

Wewe humo ndani ni nani? Mimi ndiye niliyekuwa somo yako, nikakufunda yote ya unyumba, na kwa mume wa kwanza ulipoachika hakuna aliyesema hukufundwa. Lakini sikukufunda kukaa na mwanamume asiyekuja kukuomba. Kwetu mtu akitaka mke huandika barua ya posa, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa leso, akampa mshenga aje nayo kwa heshima. Hata mvuvi wa dagaa hufanya hivyo. Huyo bwana aliyeandika sheria za nchi nzima, kalamu imemshinda?

Usinijibu kwa habari za vitumbua. Nijibu nilichouliza.

Shangazi yako,
Fauzia

*

Turffontein
27 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Salamu nyingi na pole kwa choo. Idi ilikuwa njema. Nilipika pilau, Mpangaji akaenda msikitini na miwani nyeusi na kofia kubwa, na kila mtu akamtazama kwa sababu ya miwani na kofia. Baridi inaanza kuingia. Maji yalikatika juzi, tukaoga kwa kopo, na Mpangaji akauliza waziri wa maji wa huku ni nani ili amfukuze.

Umeniambia nisikujibu kwa habari za vitumbua, basi nitakujibu. Habari ya posa nilimwambia miaka mingi iliyopita, tulipokuwa bado kule. Akacheka, akasema yeye huandikiwa barua, yeye haandiki. Sikuirudia. Ndiyo, nataka. Nimetaka muda wote huu. Kila nikisikia ngoma ya arusi ya watu natafuta kazi ya jikoni ili mikono isikae bure. Umefurahi sasa?

Nikueleze kuhusu Ariane, maana yeye ndiye anayenichekesha wiki nzima. Kuna dereva mmoja Mkongo anamtaka, mtu mzuri, anakuja kununua dagaa kila siku na nina hakika hali dagaa. Nikamtania Ariane, nikamwambia mwonee huruma, nyumba yake sasa inanuka kama bandari. Akacheka, kisha akanionyesha pete. Kumbe ana mume, au alikuwa naye. Anaitwa Fiacre, alikuwa refa wa mpira. Miaka minane iliyopita alichezesha fainali ya kombe kule Luhembe, timu ya jeshi na vijana wa mashamba ya chai, na Rais mwenyewe yuko jukwaani. Dakika za mwisho Fiacre akapuliza filimbi, penalti, jeshi wakafungwa. Siku chache baadaye gari likaja kumchukua, wakasema anakwenda kutoa maelezo kidogo. Ariane akamfungia wali kwenye bakuli, akijua atachelewa kurudi.

Mpaka leo hajui kama ni mke wa mtu au mjane. Padri hawezi kumsomea misa ya marehemu mtu ambaye hakuna aliyesema amekufa, na yeye hawezi kuivua pete mtu akiwa hai. Watu wengine walimwambia kwamba Fiacre alihongwa na wenye chai ndiyo maana akapuliza, na hilo nalo hana wa kumuuliza. Alinieleza yote hayo akiwa anapanga dagaa, sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza njia ya kwenda Joubert Park anakokaa.

Bajia zangu ziliungua zote. Kuna jioni moja niliikumbuka. Nitakueleza siku nyingine.

Kaka Jumbe anasemaje? Kila nikiuliza unaniambia hajambo.

Mwanao,
Zabibu

*

Tanga
10 Juni 2025

Zabibu mwanangu,

Kaa kwanza. Kama umesimama, kaa.

Jumapili, siku ya pili ya Idi, tunakula nyama iliyobaki, tukasikia hodi ya kugonga mara tatu kwa nguvu, hodi ya polisi. Nikafungua. Mbele yangu kuna mzee mrefu, suti nyeusi, miwani nyeusi, jua la saa saba linampiga na hatoi hata jasho. Akaniuliza jina langu kamili. Nilipomwambia, akaingia, akatazama nyuma ya mlango na chini ya kochi, kisha akasimama wima juu ya mkeka wangu na viatu vyake. Nikamwambia baba, viatu. Akavua haraka kama aliyepewa amri. Soksi moja ina tundu. Hapo ndipo nilipojua ni Kanali Firmin, maana uliniambia hana wa kumshonea.

Akatoa bahasha yenye lakiri nyekundu, akaniambia nitie sahihi kwamba nimeipokea. Nikamuita kaka yako Jumbe na Mzee Abdulrahman wa nyumba ya pili. Jumbe akaisoma kwa sauti. Nakuandikia maneno yenyewe, maana sasa nimeyahifadhi: “Kwa mamlaka niliyo nayo, na baada ya kutafakari kwa kina maslahi ya pande zote, nimeamua kumuoa Bi Zabibu binti Hamisi. Uamuzi huu unaanza kutumika mara moja.”

Mzee Abdulrahman akamwaga kahawa kwenye kanzu yake ya Idi. Mimi nilijifunika uso kwa mtandio nikacheka hadi machozi. Kisha nikamweleza Kanali kwamba kwetu posa huomba, haiamui, na huja imefungwa leso. Maskini akaona haya. Akasema yeye amewahi kupeleka barua za kuvunja mabunge, ya namna hii hajawahi. Nikamwonea huruma, nikampa leso yangu mwenyewe, nikamtoa nje akabisha hodi upya, taratibu, kwa mkono wa mshenga.

Aliporudi ndipo nilipoishika ile karatasi mwenyewe. Chini kabisa, chini ya mhuri, kwa kalamu nyingine na mwandiko wa kutetemeka, kuna neno ambalo Jumbe hakulisoma. Ameandika: “Tafadhali.” Nikamuuliza Kanali kama ni mwandiko wake. Akaniambia ni wake Mzee mwenyewe, na kwamba katika miaka yote aliyomfanyia kazi hajaliona neno hilo kwenye karatasi yake yoyote. Sikucheka tena baada ya hapo.

Basi umeposwa, mwanangu. Tumemwambia Kanali tutajibu tukishasikia kutoka kwako. Niandikie upesi, Karimu anaondoka kesho. Kaka yako hajambo.

Shangazi yako mwenye furaha,
Fauzia

*

Turffontein
29 Juni 2025

Shangazi,

Sikujua. Wallahi sikujua. Kanali aliniambia anakwenda kutibiwa meno. Nimesoma barua yako nikiwa jikoni, nikacheka kwenye soksi, nikalia kwenye tafadhali. Mpangaji akaingia akaniuliza nina nini, nikamwambia vitunguu. Akatazama ubaoni, hakuna kitunguu hata kimoja, akaondoka. Tangu hapo ananizunguka. Jana alijichemshia chai mwenyewe, mara ya kwanza maishani mwake, akaniletea kikombe changu bila majani ya chai ndani, maji matupu ya moto na sukari. Niliyanywa yote.

Baridi ni kali, hita ya mafuta ya taa inanuka nyumba nzima, na mimi nina furaha kama mwari. Sina la kuficha kwako. Nampenda huyu mzee. Najua watu wanamsemaje. Mimi nimemjua akikohoa, akitafuta miwani iliyo kichwani kwake, akiogopa radi. Kumjua mtu hivyo hakunizuii kujua mengine, ila nilikuwa nimeyaweka mbali.

Sasa nisikilize vizuri. Mwambie Kaka Jumbe asijibu bado. Kuna jambo lazima nilimalize kwanza na silijui nitalimalizaje. Na nina swali, muulize Shehe Nassir, usimuulize Kaka. Mahari ni haki ya mwanamke, hilo ulinifunda. Lakini mwanamke anaweza kutaja kitu chochote? Hata kitu kisichoshikika kwa mkono?

Naifunga barua, Karimu amesimama mlangoni anapiga piga miguu kwa baridi.

Mwanao,
Zabibu

*

Tanga
3 Agosti 2025

Zabibu mwanangu,

Salamu, na nisamehe kwanza kabla hujasoma mbele.

Barua yako imenifikia jana. Karimu alizuiwa mpakani na mzigo wake, wakavifungua viatu vyote pea kwa pea, akalala huko mpaka akaota ndevu. Sisi huku tulikuwa tunangoja. Wiki zikapita, hakuna neno. Sasa nikuambie la kaka yako. Kila barua nilikuandikia hajambo, na kweli hajambo, hiyo ndiyo taabu yenyewe. Tangu siku ya Kanali anakaa kwenye kahawa pale kona na wenzake wanamwita Shemeji wa Rais. Amenunua kofia mpya. Sikutaka kukuandikia hayo nikidhani yataisha.

Ijumaa iliyopita akasema, dada yangu amenyamaza, na kwetu mwanamke akiulizwa akanyamaza amekubali. Akampigia simu Kanali kwa namba aliyomwachia, kumbe simu yake yeye haikufungiwa, akampa jibu, na pale pale wakasoma fatiha, watu wakala halua. Mimi nilikuwa hospitali kwa ajili ya mguu. Niliporudi nikakuta sahani chafu. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuyajua. Nikamwambia, ukimya ni wa mwari, anayeona haya kusema. Mtu mzima aliyekwisha olewa na kuachika lazima aseme kwa mdomo wake. Akanijibu kwamba nchi nzima ya Luhembe ilinyamaza miaka ishirini na sita na yule bwana akaihesabu kuwa ndiyo, itakuwa mtu mmoja? Hakuona alichokisema. Mzee Abdulrahman alikiona, akaweka kikombe chini akaenda zake.

Basi ndivyo ilivyo. Lakini hujafungwa, mwanangu. Nimemuuliza Shehe Nassir kama ulivyotaka. Anasema mahari ni yako peke yako, kaka yako hana mkono ndani yake, na unaweza kutaja kitu chochote cha halali chenye manufaa. Anasema zamani watu wameolewa kwa kufundishwa aya, kwa hiyo hata kujulishwa jambo ni mahari. Na ukitaja, na mume akashindwa kuitoa, hakuna atakayekuburuta. Shehe aliniuliza unataka kutaja nini. Nikamwambia hata mimi sijui.

Nami nimegundua kitu. Barua yako ya Aprili ilijaa Ariane. Hii ya mwisho hakuna Ariane hata mara moja. Mtu akiacha ghafla kumtaja rafiki yake, ama wamegombana ama anamficha. Wewe hujui kugombana.

Nakuombea,
Shangazi Fauzia

*

Joubert Park, Johannesburg
14 Septemba 2025

Shangazi yangu,

Assalaam aleikum. Utaona nimebadilisha anwani. Nimepanga kitanda kwa mama mmoja wa Pangani, ghorofa ya sita, lifti imekufa zamani na mimi nimeanza kupungua pale mahali unapopajua. Msamehe Kaka Jumbe, nimeshamsamehe. Mwambie tu arudishe salamu kwa Kanali: mahari haikupatikana. Aseme hivyo hivyo.

Nikueleze ilivyokuwa. Jibu la Kaka lilipofika, Mpangaji alibadilika. Alinyoa vizuri, akamtuma Kanali kutafuta halua Malvern, akaanza kuniuliza mambo ya Tanga, nyumba zikoje, bahari iko mbali kiasi gani kutoka kwako. Jumamosi mchana akaniita sebuleni, akaniketisha, Kanali akasimama dirishani. Akasema, “Sasa taja mahari yako. Taja lolote, nitalitafuta.” Alikuwa na furaha kweli, Shangazi. Nilitamani nimtajie mkufu tu, yaishe, niwe mke wa mtu.

Nikamwambia mahari yangu ni habari. Nikamtajia ile fainali ya jeshi na vijana wa chai, nikamtajia jina. Nikamuuliza, “Fiacre yuko wapi?” Nikamwambia kama yu hai nijue gereza gani, kama amekufa nijue amezikwa wapi. Nipe hilo, na kesho tuite shehe.

Sikutaka kumtega. Nilitaka alitoe. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa kukana, kwa kuniuliza nani kanituma. Hakufanya hata moja. Alifumba macho akafikiri, muda mrefu, kwa bidii, kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. Kisha uso ukamchangamka, nami nikapata tumaini.

“Naikumbuka ile penalti,” akasema. “Beki wetu wa kushoto alimkwatua yule kijana ndani ya boksi. Nilikuwa nimekaa upande ule ule, ilikuwa penalti halali kabisa. Ikapigwa kulia, kipa akaruka kushoto.” Akanionyesha kwa mkono jinsi kipa alivyoruka. Halafu akasema, “Refa simkumbuki.”

Nikamuuliza alisema nini baada ya mechi. Akasema alisema hataki kumwona tena yule mtu, basi, mtu akikasirika husema hivyo. Hakuuliza walimpeleka wapi. Nikamgeukia Kanali. Kanali akatazama viatu vyake, akasema siku zile kila mmoja alikuwa na mlango wake, na huo haukuwa wake. Namwamini. Nawaamini wote wawili, na afadhali wangenidanganya.

Ile jioni niliyokuambia niliikumbuka, ndiyo ya siku hiyo ya fainali. Alirudi kutoka uwanjani amenuna, hataki kula. Nikampikia wali wa nazi na kuku wa kupaka, nikamuuliza ana nini, akasema mpira tu. Akala, akalala vizuri. Mimi nilijisifu kwamba nimemtuliza.

Nikamwambia, basi, mahari imekushinda. Akaniambia omba nyingine. Nikamwambia sina nyingine. Akanishika mkono akasema, “Tafadhali,” kwa mdomo wake. Nililia mbele yake bila kusingizia vitunguu. Nilimpangia dawa zake za wiki nzima kwenye kile kisanduku, nikamwandikia Kanali namna ya kupika wali usiungue, nikaondoka. Roho inaniuma hadi leo. Sitakudanganya kwamba nimepona.

Jumapili baada ya kanisa nikaenda kwa Ariane. Chumba chake kimegawanywa kwa pazia, upande wa pili kuna familia. Nikamwambia yule mzee ninayempikia ni nani. Nikamwambia nilichouliza na nilichojibiwa, sikupunguza neno. Hakupaza sauti. Alifungua mlango akaniambia nitoke.

Nilikuwa nimeshuka ngazi za ghorofa moja nikasikia ananiita. Alikuwa amesimama juu, ameshika ukuta.

“Alisema ilikuwa penalti?”

Nikamwambia ndiyo. Alisema ilikuwa halali kabisa.

Akakaa pale pale kwenye ngazi. Nikapanda, nikakaa ngazi moja chini yake, naye hakunifukuza. Akasema kesho atakwenda kwa padri kuomba misa, maana ikiwa aliyemchukua hamkumbuki, hakuna aliyebaki wa kumrudisha. Kisha akazungusha pete kidoleni, akasema, “Asubuhi ya fainali nilimwomba, Fiacre, leo usipulize. Hata wakichinjana, leo usipulize. Akaniambia, Ariane, ikiwa ni penalti nitapuliza.”

Mwanao,
Zabibu